Niliambiwa nimehujumu, nikaenda kulitafuta hilo neno

Nina bahasha ya kaki kwenye kabati, ndani yake kuna barua ya ukurasa mmoja tu, barua ya kujieleza. Niliipokea miaka kadhaa iliyopita, nikasaini dispachi kama kawaida nikidhani ni majibu ya likizo, kumbe wapi. Aya ya pili ilisema kwamba kwenye kikao cha tarehe fulani mimi "kwa makusudi ulihujumu mamlaka ya Mkuu wa Idara mbele ya wajumbe", na natakiwa nijieleze ndani ya siku 7 kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nikasoma mara ya kwanza harakaharaka, mara ya pili polepole, mara ya tatu nikajikuta nimeganda kwenye neno moja. Ulihujumu. Siyo ulibisha, siyo ulikosa adabu, siyo ulipinga. Ulihujumu.

Nilichofanya ni hiki. Mkuu wa idara alisema kikaoni, mbele ya wageni, kwamba kazi fulani imefika asilimia 80. Mimi ndo nlikuwa naiandika ripoti ya hiyo kazi, nilikuwa na namba mezani, ilikuwa haijafika hata nusu. Nikanyoosha mkono, nikaruhusiwa, nikasema samahani mkuu, kwa takwimu nilizonazo hapa hatujafika huko, tuko asilimia 45, labda tuwaambie wageni hali halisi ili wajue muda tunaohitaji. Ukumbi ukanyamaza. Yeye akasema asante, tutaliangalia, kikao kikaendelea. Siku nne baadaye barua hiyo.

Sasa sitaki kujifanya malaika, naweza kukubali kwamba ningeweza kumfuata pembeni kabla ya kikao, au kumwandikia kikaratasi. Hilo watu wameniambia na wana hoja. Ila ile barua haikusema nimekosa busara, ilisema nimehujumu, na kwa mtu aliyekulia Tanzania hilo neno lina uzito wake, halitamkwi hivihivi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikafungua kamusi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia hilo neno kila ninapolisikia, redioni, mahakamani, kwenye mpira, kwenye magrupu ya WhatsApp, na nimefika mahali nina la kusema.

Tuanze na asili yake. Hujuma ni neno tulilolipata kwa Waarabu, kwao hujum ni shambulio, na shambulio lenyewe ni la wazi, la kuvamia. Mpaka leo kwenye mpira wao mshambuliaji wa mbele anaitwa muhajim, ni mzizi uleule. Yule jamaa anayekimbilia goli lako mchana kweupe, jezi yake unaiona, namba yake unaiona, nia yake unaijua, huyo ndo "mhujumu" kwa maana ya mwanzo kabisa. Na kwenye Kiswahili maana hiyo haijafa, ukisikiliza Radio Tehran ya Kiswahili kwenye habari za vita utasikia hujuma za anga, hujuma za makombora, wanamaanisha mashambulizi tu, hakuna siri hapo. Kamusi nazo zinaweka maana zote mbili, kushambulia na kuharibu jambo kwa hila.

Lakini mtaani na ofisini neno limehama. Limetoka kiwanjani likaingia ndani ya nyumba. Jaribu mwenyewe. Sema "majirani zetu wa upande wa pili wametuhujumu" halafu sema "wenzetu wenyewe wametuhujumu", ile ya pili ndo inakaa sawa mdomoni, ile ya kwanza unahisi kuna kitu kimepungua, unataka kuuliza wamewezaje, nani aliwafungulia mlango. Adui anakushambulia. Wa kwako ndo anakuhujumu. Wahenga wana ile ya kikulacho ki nguoni mwako, na sijaona maelezo mafupi ya hujuma kuliko hayo, manake mdudu huyo haji kwa vita, yuko kwenye shati ulilolivaa mwenyewe asubuhi.

Mpira wetu unalionyesha hili vizuri kuliko kamusi yoyote. Timu ikifungwa mabao manne na mpinzani wake hakuna anayesema mpinzani katuhujumu, katufunga tu. Ila beki wa kwetu akiuacha mpira upite katikati ya miguu, halafu kipa akachelewa kuruka, hapo ndo utasikia jukwaa zima wanapiga kelele wachezaji wanaihujumu timu, mechi imeuzwa. Neno halijaenda kwa aliyefunga, limeenda kwa aliyevaa jezi yetu. Na ukiangalia vizuri, ushahidi wenyewe huwa ni kitu kidogo sana, nusu sekunde ya kuchelewa, hatua moja isiyopigwa. Hujuma inakaa humohumo kwenye nusu sekunde, ndo maana inaumiza na ndo maana ni rahisi kumsingizia mtu.

Kwa hiyo kwa jinsi ninavyolielewa mimi, ili kitu kiitwe hujuma kwa Kiswahili tunachoongea leo lazima mtu awe ndani, awe ameaminiwa na kitu, funguo, faili, namba ya beki, na halafu afiche. Akikosa kimoja kati ya hivyo neno linaanza kulegea. Aliye nje akiharibu ni mvamizi au mwizi tu. Na aliye ndani akisema wazi kwamba hakubaliani na wewe, huyo ni mpinzani, mkosoaji, mbishi, mkaidi hata, chagua unalotaka, lakini hajahujumu kitu. Najua kuna mahali maana hii haitoshi, mfano wanaposema watu wamehujumu miundombinu, wamekata nyaya za umeme au wameng'oa vyuma vya reli usiku, hao wanaweza kuwa watu wa nje kabisa. Ila hata hapo sikiliza, neno linabeba lawama ya mtu kuharibu kilicho chake, reli ni yetu wote, umeme ni wetu wote, kwa hiyo aliyekata waya kalila shati lake.

Nadhani uzito wa neno hili kwa Watanzania unatoka mwaka 1983. Wazazi wetu wanakumbuka. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa hakuna, sukari, sabuni, mafuta ya kula, foleni kila mahali, na kulikuwa na watu wanazo bidhaa stoo wanaziuza kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuumiza. Hao walikuwa wanaitwa walanguzi. Machi 1983 ukaanza msako mkubwa uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, na jina jipya likawakamata watu midomoni: wahujumu uchumi. Ikatungwa na sheria maalum mwaka huohuo, yenye mahakama yake maalum, na kwenye mahakama hiyo wakili haruhusiwi kusimama kukutetea. Wazee wanasimulia watu walivyotupa mabunda ya khanga na mifuko ya sukari porini na mitoni usiku, kwa hofu ya kukutwa navyo.

Angalia mabadiliko ya jina pale. Mlanguzi ni mtu mwenye tamaa, anakuuzia sukari kwa bei mara tano, unamchukia lakini ni mfanyabiashara mbaya tu. Mhujumu ni kitu kingine, mhujumu ni adui aliyejificha ndani ya nchi anakula mizizi ya serikali na ya wananchi. Ni sukari ileile, stoo ileile, mtu yuleyule, ila ukishambadilishia jina umebadilisha na anachostahili kufanyiwa. Mlanguzi unampiga faini. Mhujumu unamnyima hata wakili. Sisemi kwamba ulanguzi haukuwepo, ulikuwepo na watu waliteseka nao sana, na Sokoine wengi wanamkumbuka kwa heshima mpaka leo kwa sababu alithubutu kugusa wakubwa. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, Dakawa, Morogoro. Ninachosema ni kwamba neno lile lilifanya kazi kubwa kuliko sheria yenyewe, na halijawahi kurudi kuwa neno la kawaida.

Mwaka 1984 ile sheria ya mwanzo ikaondolewa ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi tuliyo nayo mpaka sasa, pamoja na marekebisho yake mengi. Ukienda mahakamani utaona mafaili yameandikwa Kesi ya Uhujumu Uchumi namba kadhaa ya mwaka fulani. Ndani yake kuna makosa ya kila aina. Mtu aliyekutwa na meno ya tembo anashtakiwa humo, kuongoza genge la uhalifu kumo humo, kulisababishia shirika la umma hasara kumo humo, na tatizo la dhamana kwenye kesi hizi kila mtu aliyewahi kuwa na ndugu mahabusu analijua. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku 7 kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurudisha fedha, na mitaani mjadala ukawa mkubwa, kila mtu anajiuliza hivi mhujumu ni nani hasa, aliyeiba, aliyekwepa kodi, au aliyesaini karatasi bila kusoma. Neno moja limebeba wote.

Kwa hiyo mtu anapoandika kwenye barua ya ofisi kwamba umehujumu, hata kama yeye hakufikiria mbali hivyo, anayesoma anasikia yote hayo. Anasikia stoo iliyofungwa na mahabusu isiyo na dhamana. Mama yangu nilipomsomea ile barua kwa simu hakuniuliza habari ya kikao wala asilimia, aliniuliza kitu kimoja, "Mwanangu, kwani umechukua nini cha watu?"

Kenya neno wanalitumia sana kwenye siasa, na huko limeelekea zaidi kwenye mamlaka yenyewe kuliko mali. Fulani anahujumu ajenda ya serikali, fulani anahujumu chama kutoka ndani. Mwaka 2024 Naibu Rais Rigathi Gachagua alipokuwa anaondolewa madarakani kulikuwa na mashtaka 11, na mojawapo lilikuwa kumhujumu Rais na baraza la mawaziri, na tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ikamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya hayo 11. Sitaki kuingia nani alikuwa sahihi kwenye siasa zao, wenyewe wanajuana. Kilichonivutia ni kwamba mengi yaliyokuwa yanajadiliwa pale ni maneno aliyoyatamka hadharani, kwenye mikutano, mbele ya kamera. Na mimi nikawa nauliza redio yangu, hivi inawezekana kuhujumu kwa kipaza sauti? Wapo watakaosema ndiyo, kwamba mtu akishakubali kuwa namba mbili basi kuongea tofauti na namba moja hadharani kunamdhoofisha, na kuapishwa kwake ndiyo ule uaminifu aliopewa. Ni hoja nzito na sijaimaliza kichwani. Ila mimi hapo ningetumia kupinga, au kukaidi, au kuasi kabisa kama imefika huko. Nayaona hayo kuwa yanatosha na yanasema kweli zaidi.

Na kweli Kiswahili hatujapungukiwa maneno kwenye jambo hili, ndo maana nashangaa watu wanakimbilia hilo moja. Kuna kukaidi, unaambiwa fanya hufanyi, wazi. Kuna kuasi, umetoka kabisa chini ya mkono wa mtu na umetangaza. Kuna kupindua, hili nalipenda kwa sababu unaliona kwa macho, chombo kilikuwa kimekaa hivi sasa kimegeuka chini juu, na tangu tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar neno mapinduzi lina tarehe yake kabisa. Kuna kuchochea, ambalo ni neno la jikoni, unasukuma kuni ndani ya moto uliokwishakuwepo, na hapo kuna ukweli ambao waendesha mashtaka ya uchochezi huwa hawapendi kuusikia, kwamba huwezi kuchochea pasipo na moto. Kuna kudharau, ambalo halihitaji hata kitendo, jicho linatosha. Kuna kumchimba mtu, unachimba chini taratibu huku juu mnasalimiana, hili liko karibu sana na hujuma, ndugu yake wa mtaani. Na kuna majungu, kuna fitina, kuna figisu, hayo ndo vifaa vya kazi, hujuma ni jengo na hayo ni nyundo na misumari.

Ukitaka kujua umetumia neno sahihi jiulize tu mtuhumiwa alikuwa anataka aonekane au asionekane. Aliyeasi anataka aonekane. Aliyepinga anataka asikike. Anayehujumu akionekana kazi yake imeharibika.

Hapa nisimulie na ile niliyoiona kwa macho, manake ofisi ileile iliyoniandikia mimi barua ilikuwa na hujuma ya kweli na hakuna aliyeiita hivyo. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na jamaa mmoja mpole sana, mtu wa "sawa mkuu". Kila anachoambiwa ni sawa mkuu, nimelipokea mkuu, linafanyiwa kazi mkuu. Mkuu alimpenda, kila kikao anatolewa mfano wa nidhamu. Sasa kuna siku ilikuja barua kutoka masijala, mwaliko wa mkuu kwenda kuwasilisha andiko la idara kwenye kamati ya juu, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Akaisoma, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe vizuri kabisa kwa kalamu ya bluu, halafu akainua lundo la barua kwenye trei akaiweka chini kabisa. Akalisawazisha lundo kwa viganja viwili, kingo zikawa sawa. Hakutazama kushoto wala kulia. Jumatatu akaipandisha juu, akaipeleka kwa mkuu, na mkuu akakuta muda umepita. Masijala wakalaumiwa.

Unaona hapo. Hakuna neno baya lililosemwa, hakuna sauti iliyopanda, muhuri upo, tarehe ipo, ukikagua makaratasi utakuta kila kitu kimefuata utaratibu, ila andiko la mkuu halikufika na mkuu mwenyewe mpaka leo labda anadhani ni bahati mbaya. Ile ndiyo hujuma. Ilifanywa kwa adabu kabisa. Na mimi nilinyamaza, nasema hili kwa uchungu, niliona na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa bado na hasira ya barua yangu, nikajiambia haya si mimi niliyeitwa mhujumu, acha wapambane. Masijala walipolaumiwa kulikuwa na dada mmoja pale alilia. Kunyamaza kwangu sijui nikuite nini, nimetafuta neno sijalipata, lakini najua kwamba siku ile kama kuna mtu angeniuliza nimehujumu au la, nisingekuwa na jibu jepesi kama la siku ya kikao.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua kuhusu viongozi na hili neno. Ukiwa na watu chini yako, na ukaita kila swali hujuma, unachofanya ni kuwafundisha. Unawafundisha kwamba adhabu ya kusema wazi na adhabu ya kuharibu kwa siri ni moja, na mtu mwenye akili akishaona bei ni ileile atachagua ile isiyoonekana. Yule jamaa wa trei hakuzaliwa hivyo, nilikuja kusikia baadaye kwamba miaka ya nyuma naye aliwahi kunyoosha mkono kikaoni. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna idara inayoweza kujua kila lundo la barua lina nini chini, kwa hiyo mkuu mwenye akili ningedhani angewapenda wanaonyoosha mikono, hata wakimuudhi, hata wakiwa wamekosea, kwa sababu hao angalau anawaona.

Na hili si jambo la kuiga kutoka nje, humuhumu kwetu lilishawahi kuandikwa. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, walitoa tamko lililoitwa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno na dharau na uonevu. Wafanyakazi wakaichukua kama ilivyo. Miaka ile iliyofuata waligoma viwandani, mahali pengine waliwafungia mameneja nje ya geti, na mwaka 1973 pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel Dar es Salaam walifika mpaka kukishika kiwanda wenyewe, wakaendelea kuzalisha. Yote mchana, kwa majina yao, wakitaja ibara. Baadaye serikali ilichoka na migomo ile ikarudi kusisitiza nidhamu kazini, na mjadala wa kama walivuka mpaka ni halali kabisa. Lakini mtu akiniambia wale walikuwa wahujumu nitambishia, manake walisimama getini. Ungewaita wagomaji, wakaidi, hata waasi kama umekasirika sana. Mhujumu hasimami getini.

Watu wa nyumbani pia tunalikosea. Baba kakataza simu mezani, mtoto anasema "lakini baba mbona wewe unayo", huyo anajibu jeuri au anauliza haki, inategemea siku. Ila baba kakataza simu, halafu mama anampa mtoto simu chumbani anamwambia zima sauti baba yako asisikie, hiyo ndo mamlaka imeshachimbwa, na mtoto amejifunza siku hiyohiyo kwamba ndani ya nyumba kuna serikali mbili. Nimeshafanya hivyo kwa upande wangu pia, nimeshampa mwanangu ruhusa ambayo mwenzangu aliikataa, nikajiona mzazi mwema. Tulipokuja kuzungumza aliniambia bora ungebishana na mimi mbele yake. Sikumwelewa siku ile.

Kuna msomaji najua ataniuliza vipi kuhusu wanaohujumu mamlaka mbovu, mamlaka ya dhuluma, mkoloni kwa mfano, aliyelima taratibu kwa makusudi kwenye shamba la mkoloni alikuwa mhujumu? Ndiyo, alikuwa anahujumu, na sioni aibu kulitumia neno hapo, kwa sababu neno linaeleza namna ya kufanya, halisemi kama anayefanyiwa anastahili. Pale ambapo kusema wazi ni kuchapwa viboko mtu hana njia nyingine isipokuwa jembe kwenda polepole. Hiyo inanirudisha palepale, kwamba hujuma inazaliwa pale mlango wa mbele unapofungwa.

Turudi kwenye barua yangu. Siku ya tano nilijibu. Nilianza kwa kuomba radhi kwamba sikumtaarifu mkuu kabla ya kikao, hilo niliona ni haki yake. Halafu nikaandika kwamba namba nilizotaja ni sahihi na kiambatisho hiki hapa. Halafu aya ya mwisho nikaandika kwamba naomba neno "ulihujumu" liondolewe kwenye kumbukumbu zangu, kwa sababu nilinyoosha mkono, nikaruhusiwa na mwenyekiti, nikasema kwa sauti, na muhtasari wa kikao unaonyesha hivyo, na kwamba niko tayari kupokea onyo kwa nilichofanya lakini siyo kwa nisichofanya. Rafiki yangu mmoja alinishauri niitoe hiyo aya, akasema utaonekana unafundisha wakubwa Kiswahili. Nikaiacha.

Afisa utumishi aliniita wiki mbili baadaye. Mtu mzima, miwani imeshuka puani, barua zote mbili ziko mbele yake. Akanisomea ile aya yangu kwa sauti, akakaa kidogo, akasema, "Kijana, mimi mwaka themanini na tatu nilikuwa sekondari, nililiona hili neno likifanya kazi." Hakuongeza. Akachukua kalamu akaandika kwenye nakala ya faili, kisha akaigeuza upande wangu nisome. Alikuwa amekata "ulihujumu mamlaka ya" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "ulimpinga". Ikasomeka, ulimpinga Mkuu wa Idara mbele ya wajumbe. Akaniuliza kama hivyo naweza kusaini.

Nikasaini, kwa sababu nilimpinga.